Simu Imesema Ana Wake Watatu

Jumapili, 5 Januari

Ukungu mzito leo mjini kwetu Chiniot. Hadi adhuhuri mnara wa msikiti haukuonekana. Kilichoonekana ni posa!

Kwanza niseme hili. Mimi, Bashiran, kalamu sijapata kuishika. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa nyasi kichwani. Ila mjukuu wangu Nudrat ameifundisha simu hii kazi: mimi nasema, yenyewe inaandika. Kaniambia, Bibi, kila linalokuwasha ulimi liambie simu kwanza kabla hujavuka kichochoro kwenda kwa shoga yako Khurshid. Kaapa hatasoma. Haya, simu. Sikiliza.

Wageni wametoka Karachi. Mama mmoja mnene wa miwani, Bi Farkhanda, na mdogo wake aliyeolewa hapahapa mjini, mtaa wa pili. Wanamposa Nudrat kwa mwana wa Bi Farkhanda, Shahroz Anwar, daktari wa mifugo. Anatibu nyati wa kufugwa, wale wa maziwa. Wanasema kijana ana tabia njema. Nani amewahi kuleta posa akasema mwanangu ni mhuni?

Nimewapa nyama ya chunguni, ile iliyolala kwenye makaa tangu alfajiri. Wamekula mpaka kijiko kikalia. Bi Farkhanda kasema hajaonja nyama laini kama ile. Sifa za mtu anayekuja kukuchukulia mtoto hazina chumvi.

Karachi! Treni mchana kutwa na usiku wake. Nudrat huyu nimemlea mimi tangu mama yake atangulie mbele ya haki, hajaota hata jino. Leo ni mwalimu wa kompyuta shule ya wasichana, na akipiga chafya darasani mimi huku namwambia afya. Akiwa Karachi nitasikia nini?

Mwanangu Iqbal, baba yake, kauliza Amma unaonaje. Nikasema tutachunguza kwanza. Hakuna binti anayetolewa hapa bila kuchunguzwa wanaomtaka. Iqbal karudi karakanani kuchonga mguu wa kitanda. Mwanamume huyu siku ya Kiyama akiitwa atasema ngojeni, namalizia mguu wa kitanda.

Nudrat kauliza kwa sauti ya chini nitachunguza vipi. Shavu lilikuwa jekundu. Nimeliona. Nikajifanya nachambua dengu.

Jumatatu, 6 Januari

Kuchunguza ndiyo kazi yangu. Nusu ya waume wa mtaa huu wamepita mikononi mwangu kabla ya kupita mbele ya kadhi. Njia yangu haina kombo. Unamuuliza jirani wa kulia. Unamuuliza jirani wa kushoto. Unamuuliza muuza maziwa, maana huyo huwakuta watu kabla hawajanawa uso. Halafu unamtafuta mtu aliyegombana nao. Huyo wa mwisho ndiye mwenyewe! Adui akikosa la kusema, toa binti. Na wengi wakisema neno moja, neno hilo ni kweli.

Lakini hawa wanaishi ghorofani. Ghorofa ya kumi na mbili! Nimemfuata yule mdogo wa Bi Farkhanda nikamuuliza majirani wao ni akina nani. Kasema hawajui hasa, watu wa kule husalimiana kwenye lifti. Basi nikaihoji lifti?

Nimebaki na simu. Nudrat yuko shuleni. Ningeweza kumngoja, kutafuta mambo mtandaoni ndiyo kazi anayowafundisha watoto wa watu. Lakini angeuliza maswali. Sipendi kuulizwa maswali wakati nauliza.

Nikapanda darini, juu ya paa, juani, nikafunga mlango wa ngazi, nikaiambia simu: Je, Shahroz Anwar wa Karachi ni mtu mbaya?

Haikusita! Ikanisomea jibu la kwanza. Shahroz Anwar wa Karachi ameoa mke wa tatu, na wale wawili wa mwanzo wamempeleka mahakamani.

Mke wa tatu! Nudrat wangu awe wa nne!

Halafu, Mungu ndiye shahidi, nikacheka. Kidogo tu. Kifua kikawa chepesi kama pamba iliyochambuliwa. Haendi Karachi.

Simu ikauliza, nisome na majibu mengine? Nikasema hapana, mwanangu, umeshafanya kazi nzuri, pumzika.

Nikavuka kwa Khurshid. Nimemwambia yeye peke yake, tena nimemshika mkono, tena mlango umerudishwa. Khurshid kaapa litazikwa naye.

Jumanne, 7 Januari

Nimeamka kuthibitisha. Asije mtu akasema Bashiran anaamini mashine kama mtoto anavyoamini zimwi. Neno la mmoja si neno.

Nikaanza na Zubaida, jirani wa kulia. Nikamuuliza kwa ujanja, bila kumdokeza kitu: hivi umesikia lolote la yule daktari wa nyati wa Karachi? Kasema uuu, dada, nani asiyesikia! Wake watatu!

Nikavuka kwa jirani wa kushoto. Wake watatu, na huyo wa tatu ni Mturuki. Mturuki! Hata simu haikulijua hilo. Nikaenda kwa fundi cherehani. Mke wa kwanza alifukuzwa usiku wa mvua, mtoto mgongoni. Nililia palepale, kanipa kitambaa nifute machozi. Mama wa duka la dengu naye kasema bwana mwenyewe ana mguu mmoja wa mbao. Tena umechongwa hapahapa Chiniot.

Sasa hiyo ilinigusa. Nikakimbilia karakanani kumuuliza Iqbal kama amewahi kumchongea mguu mtu wa Karachi. Kasema huchonga miguu ya vitanda tu. Nikasema labda walikudanganya ni wa kitanda. Akashika randa yake.

Ghafoor muuza maziwa peke yake ndiye hakusikia kitu. Kasema ana shemeji huko Karachi kwenye mazizi ya nyati, kama nataka atampigia. Nikamwambia baba, usijisumbue, mashahidi wamejaa mpaka mlangoni. Lisemwalo lipo.

Nikampitia Khurshid kumwambia kwamba tuliyoyasema jana yamethibitika. Alikuwa anapepeta mchele. Kasema na yeye hakumwambia mtu, wallahi. Aliandika tu kwenye kikundi cha simu cha kina mama wa mtaa. Na jina langu hakulitaja, kaandika tu amesikia kwa mtu wa kuaminika.

Mtu wa kuaminika! Nimerudi nyumbani natembea kama malkia.

Jioni nikawaketisha Iqbal na Nudrat. Nikaeleza yote kwa utaratibu: wake, Mturuki, mtoto mgongoni, mguu. Iqbal kaweka patasi chini. Ndivyo unavyojua jambo ni zito.

Nudrat kauliza, Bibi, mguu gani? Kasema kule chuoni Faisalabad alikuwa akipanda ngazi mbilimbili. Nikauliza, umemwonea wapi wewe? Kumbe walisoma chuo kimoja! Shavu tena. Alifungua mdomo aseme kitu. Nikamwambia mwanangu usijitetee, sisi tumekuwahi kabla hujaingia shimoni.

Akakusanya vikombe.

Jumatano, 8 Januari

Sijui nianzie wapi.

Yule mdogo wa Bi Farkhanda kaja asubuhi. Mlangoni hakuvuka. Nimemletea kiti, hakukaa. Nimemletea chai ya maziwa na iliki, ikapoa mkononi mwangu mimi. Kumbe na yeye yumo kwenye kikundi cha kina mama! Kasema dada yake amelia kwenye simu tangu alfajiri. Kwamba mwanawe, ambaye hata soksi ananunuliwa na mama yake, ana wake watatu. Kasema wanaondoa posa yao. Na asanteni kwa nyama.

Iqbal alikuwa amesimama nyuma yangu, vumbi la mbao kwenye ndevu. Akakiondoa kile kiti mwenyewe.

Nudrat karudi shuleni. Kavua viatu, kavipanga. Baba yake kamweleza. Kasema sawa.

Sawa! Ningefurahi angetupa sahani.

Akaingia jikoni kutengeneza halua ya karoti. Anakoroga, anakoroga, macho yako dirishani. Ikaungua. Mtoto huyu hajaunguza kitu tangu afike urefu wa jiko. Nikala sahani nzima na ile gundi nyeusi ya chini, nikasema tamu sana mama. Kaniangalia. Akajifunika shali usoni, akalia humo ndani ili nisimsikie.

Nisimsikie! Vilio vya mtoto huyu navijua vyote. Kuna cha njaa, kuna cha sikio, kuna cha mwanasesere aliyeliwa mkono na mbuzi. Hiki cha leo sikukijua. Nilikaa nje ya mlango nikikisikiliza kama mgeni asiyekaribishwa.

Nilitaka asiende. Haya, haendi. Mbona pamba imeloa maji kifuani?

Alhamisi, 9 Januari

Shule zimefungwa kwa ukungu, kisha mchana jua likatoka kana kwamba halikufanya kosa. Nilikuwa darini kwenye kitanda cha kamba. Nudrat kapanda na karanga kwenye upande wa shali. Macho yamevimba. Kasema, Bibi, nipe hiyo simu. Hatugombani. Tutafute pamoja.

Nikampa. Ningempa na figo.

Kauliza nani alikuambia ana wake watatu. Nikasema Zubaida. Zubaida kasikia wapi? Kikundini. Na fundi cherehani? Mkewe kasoma kikundini. Na mama wa duka? Kikundini. Kikundini nani kaandika? Khurshid. Na Khurshid kaambiwa na nani?

Karanga ikanikwama.

Kanipiga mgongoni kwa upole, halafu kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kasema, basi Bibi, hao si mashahidi wengi. Ni wewe mmoja, umezunguka mtaa umejikuta mwenyewe ukajisalimia.

Nikauliza, na Mturuki je? Huyo sikumtoa mimi! Kapiga simu kwa jirani wa kushoto. Jirani kasema alikuwa anatazama tamthilia ya Kituruki wakati anasoma ule ujumbe, labda walichanganyika. Na mguu? Mama wa duka kasema loo, huyo wa mguu wa mbao ni mjomba wake mwenyewe. Watu hawana haya!

Kisha kaufungua ule ukurasa simu ilikookota jibu langu. Mimi kusoma siwezi, picha naziona. Mzee! Ndevu zimetiwa hina, tumbo limetangulia, nyuma yake matairi yamepangwa mpaka darini. Muuza matairi. Nudrat kanionyesha tarehe. Habari hiyo iliandikwa yeye bado anavaa sare ya shule ya msingi.

Kasema, Bibi, Karachi akina Shahroz Anwar ni wengi kama dengu chunguni. Umwongezee alama. Sema daktari wa mifugo. Sema chuo. Halafu uangalie nani kaandika, lini, na anamsema nani. Usichukue la kwanza kwa sababu ni la kwanza. Na usiulize kama ni mbaya. Uliza ni nani. Ukiuliza kama ni mbaya, utaletewa wabaya.

Nikasema, yaani nimekwenda dukani nikauliza, mna mchele wenye mawe? Nikapimiwa.

Akacheka! Nilikuwa tayari kusema ujinga mpaka magharibi ili acheke tena.

Tukatafuta kwa njia yake. Akatokea Shahroz mmoja, daktari wa mifugo, aliyesoma Faisalabad. Na picha. Mkono mzima hadi begani umo ndani ya nyati. Uso sikuuona vizuri, alikuwa ameubana kwenye paja la mnyama. Lakini mtu mvivu hapeleki mkono pale.

Nikasema basi yatosha, tumpigie mama yake. Nudrat kakataa! Kasema picha hiyo kaiweka mwenyewe, na hakuna anayebandika aibu yake ukutani. Kasema anataka mtu asiye na sababu ya kumsifu, na ambaye hajasikia chochote kutoka kwa bibi yake yeye. Halafu kaniangalia. Kasema, wewe ndiye uliyenifundisha hili, Bibi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakufuata nyumba kwa nyumba nimeshika kanzu yako. Mtu wa mwisho unayemuuliza ni nani?

Adui.

Jamani, njia yangu nilikuwa nayo kichwani muda wote! Kwenye simu niliisahau kama ndoo kisimani.

Kisha kauliza bila kuniangalia, Bibi, umeuliza mtaa mzima, mbona mimi hukuniuliza?

Nikasema kwa sababu ungeniambia ni mwema.

Kasema, na ungeniamini?

Nikasema ndiyo. Hapo ndipo penye tabu. Ningekuamini, na wewe ungeenda.

Akalaza kichwa pajani kwangu. Kizito sasa, kina elimu ndani yake. Nimemmenyea karanga, namtia mdomoni moja moja, mpaka jua likatuacha.

Ijumaa, 10 Januari

Nimemvizia Ghafoor mlangoni kabla hajashusha hata kopo. Nikasema, yule shemeji yako. Kasema, si ulisema nisijisumbue? Nikamwambia baba, jisumbue.

Baada ya sala ya Ijumaa tukakaa sote uani, simu ya Ghafoor katikati juu ya stuli, sauti imefunguliwa. Shemeji wa Ghafoor kasema daktari Shahroz anamjua, kila mtu mazizini anamjua. Nikasema sitaki anayemjua, nataka anayemchukia. Kicheko kikatoka kwenye simu. Kasema hilo jepesi, huyo hapa Haji Mukhtiar, ngoja nimpe.

Ewe simu, laiti ungesikia matusi yale! Nudrat aliziba masikio, kisha akazibua moja.

Haji Mukhtiar kasema kijana yule ni kichwa kigumu, kichwa cha nyati mwenyewe. Kasema nyati wake aliugua, akadungwa sindano ya dawa, na kijana akamkataza kuuza maziwa mpaka dawa iishe mwilini. Kila alfajiri anakuja kuhakikisha yamemwagwa! Mvua inanyesha, yupo! Kasema alimpelekea mbuzi nyumbani kwake ili alegeze kamba, mbuzi akarudishwa, tena amekatwa kwato vizuri na kupewa dawa ya minyoo. Hana ubinadamu! alisema Haji Mukhtiar. Hana utu kabisa!

Nikauliza, na wake anao wangapi? Kasema nani amtake yule, ananuka zizi na anakula mkate mkavu juu ya pikipiki. Akakata simu.

Ghafoor alikuwa anatazama makopo yake ya maziwa kwa namna ya mtu aliyekumbuka kitu. Iqbal kafuta macho, kasema ni vumbi la mbao. Karakanani hakuwa ameingia tangu asubuhi.

Adui amekosa la kusema.

Nikaomba namba ya Bi Farkhanda. Nudrat kasema baba ndiye apige. Nikasema hapana, aliyemwaga ndiye afute. Sikupitia kwa mdogo wake, sikupitia kwa Khurshid, hapana wa katikati. Kapokea. Nikasema, asalaam alaikum, mimi ndiye yule mtu wa kuaminika.

Nikadhani simu imekata.

Nikaendelea maana nikinyamaza nakufa. Nikasema nimekosa mimi, mjukuu wangu hajakosa. Nikasema nilimtafuta mwanao nikamkuta muuza matairi. Nikasema sikutaka kumjua mwanao, nilitaka sababu. Nikasema huyu mtoto nimemnyonyesha maziwa ya mbuzi kwa pamba, tone kwa tone, na ukisikia mtu anasema Karachi mbele yangu ni kama ameniambia mwezini. Sasa ukinitukana, tukana, nimekaa vizuri.

Bi Farkhanda kasema, Dada Bashiran, nasi tulichunguza. Kasema mdogo wake aliuliza watu wanne wasiojuana, kila mmoja peke yake, kabla ya kuleta posa. Wote wakasema vilevile: binti ni dhahabu, baba hana neno, bibi ni kasheshe.

Kasema, tukaja hivyohivyo. Ila sikujua ni kasheshe ya kiasi hiki.

Sijui nani alianza kucheka. Labda yeye. Mimi nilikuwa nalia, kwa hiyo nilichelewa. Kasema Jumapili watarudi, na kijana mwenyewe atakuja, mhesabu miguu.

Jumapili, 12 Januari

Miwili! Yote nyama!

Nilimpandisha kijana darini kuangalia jua, kisha nikakumbuka nimesahau tasbihi chini, nikamtuma, kisha nikakumbuka nimesahau miwani. Miwani sina. Alipanda ngazi mbilimbili kama Nudrat alivyosema. Alipokaa nikamgonga muundi kwa fimbo, kwa bahati mbaya. Kasema aah. Mbao haisemi aah.

Ni mwembamba. Masikio makubwa. Ananuka sabuni, na chini ya sabuni, nyati. Kabla hajaketi vizuri alikuwa ameshamtazama mbuzi wetu mdomoni, kasema ana jino bovu, ndiyo maana hamalizi majani. Mwaka mzima nimemtukana mbuzi yule kwamba ana maringo!

Nimemuuliza yeye mwenyewe, ana kwa ana, mbele ya mama yake: kwa nini Nudrat? Kafikiri kwanza. Kasema chuoni wanafunzi walitumiana habari kwamba maziwa ya madukani yana unga wa chaki, wote wakayamwaga, yeye akiwemo. Nudrat peke yake ndiye aliyeuliza, nani kapima? Kasema alitoka pale ana aibu, na tangu siku hiyo akiambiwa jambo humsikia yule msichana akiuliza nani kapima.

Nudrat alikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai. Vikombe vikagongana.

Nimesema sawa. Sawa yangu mimi, si ile yake ya Jumatano. Iqbal kamlisha kijana kipande cha halua ya uchumba, Bi Farkhanda kamvisha Nudrat shali nyekundu. Harusi ni baada ya Idi.

Nililia jikoni, nikasema ni moshi. Kijana kaja kuomba maji, kaona jiko halijawashwa. Kamimina maji, kanipa mimi kwanza. Kisha kaniambia, Bibi, chumba kipo, kina dirisha. Nikamwambia mimi Chiniot sitoki ila nimebebwa. Na ale zaidi, masikio yasibaki peke yake.

Jumanne, 14 Januari

Habari kubwa!

Kikundini umekuja ujumbe. Khurshid kanisomea. Treni zote za kwenda Karachi, kuanzia leo, zinabeba bure kila bibi ambaye mjukuu wake amechumbiwa huko! Ujumbe una maua ya waridi, una bendera, na chini kabisa una muhuri. Muhuri! Nani atatia muhuri kwenye uongo?

Lakini mimi si Bashiran wa juzi. Nimefundishwa. Nikapanda darini nikaiuliza simu, tena kwa uangalifu, sikuuliza habari za ubaya hata kidogo. Nimesema: Je, si kweli kwamba treni ya Karachi ni nzuri na bibi hupanda bure? Ikasema treni ya Karachi ina mabehewa mazuri. Nikaizima palepale, isije ikaharibu.

Na mashahidi pia nimehoji, sikukurupuka. Nilimwambia Zubaida, kisha baada ya muda kidogo nikamuuliza kama amesikia. Kasikia! Jirani wa kushoto kasema na chai ni bure. Mama wa duka kasema na blanketi.

Mzigo nimeshafunga. Halua, karanga, mto wangu. Najua harusi ni baada ya Idi. Lakini hilo dirisha alilolitaja yule kijana, nani kalipima? Nani ameangalia kama jua la asubuhi linaingia? Mtoto wangu huamka na baridi miguuni, lazima mtu atangulie aone. Khurshid anakuja nami. Mjukuu wake hajachumbiwa, lakini tutasema amechumbiwa.

Gari la kutupeleka stesheni Faisalabad linapiga honi. Nudrat bado yuko shuleni, anawafundisha watoto wa watu. Sitaki kumsumbua kwa maswali. Nitamwambia nikifika.